Hakuna Samaki, au Hakuna Aliyekula?

Wenzangu wa uvuvi, tukirambaza kutwa tukarudi mikono mitupu, daftarini tunaandika: hakuna samaki. Mimi nimeacha, na kamera ndiyo sababu.

Chubwi la kilo nne au tano linashushwa kwa waya wa chuma hadi kina unachotaka. Mshipi unabanwa kwenye kibanio karibu na chubwi. Nguru akinasa, kibanio kinaachia, unabaki wewe na samaki tu. Kamera unaifunga kwenye waya huo, ikitazama nyuma kwenye chambo. Wi-Fi haifiki mbali majini, basi picha mnaziangalia mkishaivuta juu.

Kwenye picha zetu nguru anakuja, anafuata chambo, kisha anageuka zake. Juu huku mshipi hata haukutikisika! Chambo chetu kilikuwa chekundu, na maji hunyonya wekundu kwanza. Kwenye kina kile kilionekana cheusi.

Kamera nayo haihesabu: samaki yuleyule anaweza kurudi mara tatu. Lakini takwimu za diko zinapima waliokubali chambo, si waliopo baharini. Kabla hujaandika kwamba bahari imeisha, andika kwanza: hakuna aliyekula.