Sanamu ya Nembo ya Shule: Ichangieni Bila Kugombana

Marekani, shule nyingi za sekondari zina mnyama wa nembo. Timu za michezo huitwa kwa jina lake, fulana huchapwa sura yake, na mara nyingi sanamu yake husimama langoni au kando ya uwanja, imelipiwa na waliosoma hapo. Kwetu mnyama wa nembo huishia kwenye mfuko wa shati. Kama kundi lenu la waliomaliza shule moja limeanza kuulizana kwa nini simba wenu naye asisimame langoni, wazo ni zuri. Ila jueni mapema kwamba michango ya namna hii haivunjwi na ubahili. Huvunjwa na hesabu isiyoonekana.

1. Ruhusa kwanza

Muoneni mkuu wa shule, kisha andikeni barua kwa bodi. Barua itaje mambo matatu: sanamu itasimama wapi, itakuwa mali ya nani, na nani ataitunza. Kama mnataka kuchangisha hadharani, mitaani au nyumba kwa nyumba, ulizeni habari za kibali katika ofisi ya serikali ya eneo lenu kabla ya kuchapisha kadi.

Jiandaeni pia kwa swali ambalo lazima litaulizwa: sanamu ya nini wakati watoto hawana madawati? Msilikwepe. Wekeni sehemu ya michango, hata asilimia 20, kwa hitaji ambalo shule yenyewe italitaja, na mlitangaze siku ya kwanza. Wanafunzi waliopo msiwatoze chochote. Tanzania ilifuta ada za shule za umma hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mzazi hatafurahi kuuona mchango ukirudi kwa mlango wa nyuma.

2. Chagueni malighafi kulingana na mfuko

Shaba nyeusi hudumu kuliko zote: Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ipo pale tangu 1927. Lakini ni ghali, kwa sababu fundi hufinyanga udongo kwanza, akatengeneza kalibu na umbo la nta, ndipo akamimina shaba iliyoyeyushwa. Saruji juu ya nondo na wavu ni nafuu, na mafundi wake hawako mbali. Chuma chakavu kilichochomelewa nacho kinapendeza. Kioko Mwitiki wa Kenya amejulikana kwa wanyama wakubwa wa aina hiyo. Walio Tanga, Mombasa au Unguja wakumbuke kwamba hewa ya chumvi hula chuma: nondo zifunikwe vizuri kwa saruji, na chuma kilicho wazi kipakwe rangi ya kuzuia kutu mara kwa mara.

3. Jumlisheni yote, kisha gawanyeni

Kosa la kawaida ni kutaja bei ya sanamu peke yake. Tuseme fundi wa saruji anataka shilingi 3,600,000 za Tanzania. Ongezeni kitako 900,000, usafiri 400,000, kibao cha majina 300,000, uzinduzi 200,000 na dharura 600,000. Hapo lengo ni milioni 6, kabla ya fungu la madawati.

Sasa gawanyeni lengo kwa ngazi. Watu 120 wakitoa 20,000, wengine 40 wakitoa 50,000, na 10 wakitoa 100,000, mmefikisha 5,400,000. Laki sita zilizobaki zitafutwe kwa mechi ya waliosoma zamani, fulana, au vigae vyenye majina ya wachangiaji kuzunguka kitako. Tajiri mmoja akijitolea kulipa yote, mshukuruni, lakini mwombeni aanzie na kitako. Sanamu ya mtu mmoja haina wenyewe wengi wa kuilinda.

4. Majina yasomwe

Mwaka 1885 fedha za kitako cha Sanamu ya Uhuru ya New York zilikuwa zimekwama. Mwenye gazeti Joseph Pulitzer aliahidi kuchapisha jina la kila mchangiaji, hata wa senti chache. Kwa miezi mitano watu zaidi ya 120,000 walitoa dola zaidi ya 100,000, wengi wao chini ya dola moja.

Nanyi fanyeni hivyo. Kila Ijumaa mweka hazina atume orodha: jina, mwaka wa kumaliza, kiasi kilichoingia na salio. Asiyetaka kiasi chake kionekane, jina litoshe. Pangeni jumla kwa mwaka wa kumaliza. Waliomaliza 1998 hawatakubali kupitwa na wa 1999.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ziingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, si kwenye simu ya mwenyekiti. Walio ughaibuni wamteue mmoja wao akusanye na kutuma kwa mkupuo, wapunguze makato.

5. Mkataba na fundi

Ahadi si fedha. Msiagize kazi kabla angalau robo tatu ya lengo haijaingia. Mwambieni fundi atengeneze kwanza kielelezo kidogo cha udongo ambacho nyote mtakikubali, kwani simba wengi wa saruji huishia kufanana na mbwa. Lipeni kwa awamu: 40 kwa mia mwanzoni, 30 umbo likikamilika, 30 sanamu ikishasimama.

Ifungwe imara. Sanamu ya kobe Testudo ya Chuo Kikuu cha Maryland, zawadi ya wahitimu wa 1933, iliibwa na wapinzani wa michezo mara kadhaa, hadi 1951 ikajazwa saruji.

6. Fungeni hesabu

Siku ya uzinduzi, kabla ya hotuba na picha, mweka hazina asome mapato, matumizi na salio, kisha nakala ibandikwe ubao wa matangazo. Mchangiaji aliyeiona hesabu ya leo atachangia maktaba mwakani. Basi anzeni wiki hii: teueni mweka hazina mnayemwamini, halafu ndipo mmtafute fundi.