MBWA AKIANGUKA KIFAFA USIKIMBILIE PANGA

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako unaye mbwa. Usiku analinda. Mchana anafukuza nyani shambani, au anafuatana na watoto malishoni. Siku moja jioni mbwa huyo anasimama, anaduwaa kama aliyepotewa na njia. Halafu anaanguka puu! Miguu inakakamaa. Taya zinagongana. Povu linamtoka. Anapiga miguu kama mtu anayeogelea, na anajikojolea. Watu wanapiga kelele: "Ana kichaa huyo! Leteni panga!"

Jambo hili lilitokea kwa jirani yangu. Mbwa wake anaitwa Bobi. Wanaume walikuwa wamekwisha kushika marungu. Mtoto wa nyumba ile, mwenye miaka 12, alimpenda sana Bobi. Naye alikuwa amesikia wakubwa wakisema kwamba mwenye kifafa anaweza kumeza ulimi wake. Basi akachukua kijiko akakitia mdomoni mwa mbwa. Taya zikabana. Kidole kikachanika.

Haikupita hata dakika mbili, Bobi akatulia. Akainuka, akayumbayumba, akagonga ukuta kama kipofu. Baada ya nusu saa alikuwa anakunywa maji.

Sasa pale palikuwa na maswali mawili, na watu waliyachanganya. La kwanza, mbwa ana nini? La pili, mtoto afanyiwe nini? La pili ndilo la haraka. Tuanze nalo.

Mtoto ameng'atwa na mbwa ambaye hakuchanjwa. Hapo hatungoji kujua mbwa ana nini. Kidonda kinaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, mtoto atalia, lakini usiache. Usipake majani, mafuta ya taa wala pilipili. Halafu mtoto anapelekwa siku ile ile kwa mganga wa zahanati au hospitali, apate sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Sindano hizo hurudiwa kwa siku zinazopangwa, wala usiruke hata moja mpaka mganga mwenyewe aseme basi. Kwa nini haraka hivi? Kwa sababu kichaa cha mbwa kikianza kuonekana kwa mtu, karibu kila mara mtu huyo hufa. Lakini mtu akitibiwa mapema, kabla ugonjwa haujaanza, anapona. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wenye kichaa au wanaodhaniwa kuwa nacho, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo siyo jambo la kusema "ah, kidonda kidogo tu."

Mbwa je? Usimwue kwa hasira. Mbwa aliyekwisha kuzikwa hatuelezi kitu tena. Akiwa mzima, afungwe mahali imara, apewe maji na chakula bila kushikwa, na bwana mifugo aitwe. Mbwa huyo huangaliwa siku 10. Kama mate yake yalikuwa na kichaa siku alipong'ata, ndani ya siku hizo ataugua wazi na kufa. Siku zote hizo mtoto anaendelea na sindano zake.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Mpole anakuwa mkali, au mkali anajificha gizani. Anauma vijiti, mawe, hata mnyororo. Sauti inakauka. Taya linalegea, mate yanachuruzika kwa kuwa hawezi kumeza. (Hapo wengi huponzwa. Hudhani mfupa umemkwama, wakatia mkono kooni.) Anaweza kuanguka na kutetemeka, lakini hapati nafuu, kila siku inazidi. Mbwa mwenye kifafa huanguka, huamka, na baada ya saa chache au siku moja ni yule yule wa siku zote.

Kumbe basi kifafa ni alama, kama homa. Homa ina sababu nyingi, na kuanguka kwa mbwa vile vile. Ubongo ndio unaopatwa na msukosuko.

Kijijini sababu moja kubwa ni sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kupulizia pamba au mboga, sumu ya panya iliyochanganywa na dagaa. Mbwa analamba ndoo, au anakula panya aliyekufa, au jirani mbaya ametupa nyama yenye sumu. Dawa nyingi za wadudu humfanya mbwa atoe mate na machozi, atapike, aharishe, atetemeke, kisha aanguke. Huweza kuanza ndani ya dakika chache. Watu wengi hummiminia maziwa au mafuta mdomoni. Hapana! Mbwa anayetetemeka hawezi kumeza vizuri, maziwa yataingia kwenye mapafu. Kama dawa imemwagika kwenye manyoya, mwoshe kwa maji na sabuni, nawe uvae mifuko ya plastiki mikononi. Chukua chupa au pakiti ya dawa ile umpelekee bwana mifugo. Jina lililoandikwa pale litamsaidia kujua tiba. Hapa, ndugu, kusoma kwako kunafanya kazi.

Mbwa anayenyonyesha naye huweza kuanguka, hasa wiki za kwanza baada ya kuzaa. Maziwa yamechukua chokaa ya mwilini. Anahema sana, anakakamaa, anatembea kama ana miguu ya mti. Watenge watoto wasinyonye, mwite bwana mifugo upesi. Sindano ya chokaa, ikitiwa polepole, humwinua. Watoto wa mbwa wadogo huanguka kwa njaa na minyoo, kwa kuwa sukari imepungua katika damu. Akizinduka, mpake asali kidogo kwenye ufizi. Pigo la kichwani au jua kali mno pia huleta kifafa.

Upo ugonjwa mwingine uitwao distempa. Mbwa anatoka makamasi na matongo, anakohoa, anaharisha, halafu taya linatafuna bila chakula, na anaanguka. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka namna hiyo. Karibu simba 1,000 walikufa, yaani kama mmoja katika kila watatu. Wataalamu walipopima waliona ni ugonjwa wa mbwa, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ndio waliodhaniwa kuwa chanzo. Baadaye mbwa wa vijiji hivyo walichanjwa kwa maelfu. Distempa haina dawa ya kuiua, ina chanjo.

Mwisho kuna kifafa chenyewe, kisicho na sumu wala jeraha. Mara nyingi huanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 6, na huweza kurithiwa. Mbwa huyo asizalishwe. Ziko tembe za kila siku za kupunguza, kama fenobabito, lakini kipimo atoe bwana mifugo. Usimgawie mbwa tembe za mgonjwa wa nyumbani.

Mbwa akianguka, ondoa mawe, moto na watoto karibu yake. Usimshike, usitie kitu mdomoni, hamezi ulimi. Kaeni kimya. Tazama saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena na tena siku hiyo, ni hatari, mtafute bwana mifugo. Akiamka mwache apumzike. Kwa muda atakuwa hakutambui, anaweza kukung'ata.

Bobi alifungwa chini ya mwembe siku 10. Siku ya 10 alikuwa anabweka na kudai ugali. Baada ya wiki tatu akaanguka tena, akaamka tena. Bwana mifugo akasema ni kifafa, akamchanja kichaa, akaandika kadi. Kidole cha mtoto kimepona, kina kovu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Dawa ya kuogeshea mifugo unaiweka wapi nyumbani kwako? Mbwa na mtoto wanafika?
2. Kijijini kwenu, mbwa walichanjwa lini mara ya mwisho? Kadi zao ziko kwa nani?
3. Mtu aking'atwa usiku wa leo, mtampeleka wapi, na kwa usafiri gani?