Buli la udongo kwa chai ya Kichina

Swali: Nimeanza kunywa chai ya oolong na nataka buli la udongo, lakini yale ya Yixing yananishinda bei. Ninunue lipi?

Jibu: Tafuta buli la udongo mwekundu la Chaozhou, mkoani Guangdong. Kwa kawaida ni nafuu kuliko la Yixing, na oolong ndiyo chai ya kwao. Mililita 100 hadi 120 zinawatosha watu wawili au watatu, maana majani hayohayo humiminiwa maji mara kadhaa.

Kabla ya kulipa, linuse ndani: likinuka rangi au dawa, liache. Tia maji, ziba tundu la kifuniko kwa kidole, kisha mimina. Maji yakikatika, kifuniko kimekaa sawasawa. Ukiachia kidole, yatoke kwa mkondo mmoja na kwisha upesi, kwani oolong ikikawia ndani huwa chungu.

Udongo usiopakwa glezi hushika harufu. Litengee aina moja ya chai, na ulioshe kwa maji ya moto bila sabuni. Birika la udongo la kuchemshia lisikuumize kichwa: la chuma cha pua linatosha kabisa. Pesa itakayobaki nunulia majani mazuri.