Je, Kaunti Yetu Inaweza Kutubeba Mwaka Mzima? Somo kwa Vikundi

Vikundi vingi huwa na mazungumzo kama haya: ukame ukija tena, hapa kwetu tutabaki ama tutahama? Wengine husema heri kununua shamba mahali pengine. Kabla hamjafika huko, pimeni kwanza kaunti mliyo nayo. Tutatumia Makueni kama mfano, kwa sababu watu wake wameonja mazuri na mabaya. Kama ninyi ni wa Kitui, Tharaka ama Taita, badilisheni majina tu.

Jambo la kwanza ni kwamba kaunti si mahali pamoja. Vilima vya Mbooni na Kilungu hupata mvua nyingi kuliko nyanda za chini za Makindu na Kibwezi. Kwa hiyo mtu akiuliza, "Makueni ni pazuri?", mwulize naye, "Makueni ya wapi?" Kule chini mashamba ni makubwa zaidi, lakini mvua ni haba, na karibu na Chyulu na Tsavo kuna ndovu. Kule juu kuna maji, lakini vipande vya ardhi ni vidogo na vya miteremko.

Halafu angalieni msimu. Ukambani mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ya kutegemewa. Ile ya Machi hadi Mei mara nyingi hudanganya. Maana yake ni hii: mkivuna Februari, kisha mvua ya Machi ikakataa, mavuno mengine ni Februari ijayo. Hiyo ni miezi kumi na miwili. Na kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za ukame nchini. Basi mwenye akiba ya miezi mitatu asijiite amejiandaa.

Sasa tuhesabu maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja mraba ya mabati inatoa lita moja. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina paa la mita mraba 60. Msimu ukileta milimita 200 tu, hizo ni lita 12,000. Toa sehemu ya tano inayomwagika na kupotea, zinabaki 9,600. Familia ya watu sita wakitumia mitungi sita ya lita 20 kila siku, maji hayo yatakwisha baada ya siku 80. Wakiyaweka kwa kunywa na kupika peke yake, mitungi miwili kwa siku, yatafika siku 240. Lakini kama una gata upande mmoja wa nyumba na pipa moja chini yake, hesabu hii si yako. Tangi ndilo linaloamua, si mawingu.

Maji ya kufua na ya mifugo yatoke kwingine. Hapa Ukambani ina neema yake: mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa kwa mawe na saruji kukata mto wa msimu, juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, mahali ambapo jua haliyafikii sana na mbu hawazalii. Kwa hiyo mto wenye mchanga ni tangi la kijiji. Anayepakia mchanga kwenye lori usiku anawaibia maji, hata kama analipa vijana wenu vizuri. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015. Swali lenu ni moja: kwenu kuna sheria, na je, kuna mtu anayeifuata?

Chakula nacho kina hesabu yake. Kadirieni gunia moja la kilo 90 kwa kila mtu kwa mwaka, yaani magunia sita kwa familia yetu ya watu sita. Lisiwe mahindi matupu. Mtama, ndengu, kunde na mbaazi huvumilia mahali ambapo mahindi hukauka. Mkitaka mahindi, chukueni aina ya kukomaa mapema kama Katumani, iliyotoka papa hapa Machakos.

Lakini kuvuna si kuhifadhi, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka wa 2004, Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua kwa sumu kuvu na 125 wakafa. Hawakufa kwa njaa. Chakula kilikuwa ndani ya nyumba, lakini kilikuwa kimewekwa na unyevu. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha wala kwa kusaga. Mahindi yaliyooza msiwape kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu hurudi kwenu katika maziwa.

Fanyeni jaribio hili kwenye mkutano. Chukueni chupa kavu yenye kifuniko, tieni mahindi na chumvi iliyokaushwa, tikiseni, ngojeni dakika 15. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi bado hayajakauka. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Anikeni tena siku mbili, juu ya turubai si juu ya udongo, ifike 13. Baada ya hapo ile mifuko isiyopitisha hewa itamaliza dumuzi bila dawa. Ukifunga mahindi mabichi ndani yake, umefunga hasara.

Soko nalo lipimeni. Kila mwezi mtu mmoja aandike bei ya mbuzi na bei ya gorogoro ya mahindi. Mbuzi akianza kununua gorogoro chache kuliko mwezi uliopita, miezi miwili mfululizo, uzeni baadhi sasa, wakiwa na nyama. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 za ukame. Mwombeni chifu aisome kwenye baraza.

Jambo la mwisho ni majirani. Kuna watu hufikiri kujitegemea ni kujenga ua mrefu na kufungia chakula ndani. Sijaona bwawa la mchanga lililojengwa na mtu mmoja. Mahali penye mwethya hai, hata pakiwa pakavu, napapa alama nyingi kuliko penye rutuba na majirani wasiosalimiana.

Kwa mkutano ujao kila mmoja alete vipimo vya paa lake, ukubwa wa tangi, idadi ya magunia yaliyobaki leo, na urefu wa njia hadi maji ya karibu wakati wa Septemba, si wakati wa mvua. Katibu aandike yote kwenye karatasi moja kubwa. Kisha jadilini: ni nyumba gani kati yetu itaishiwa kwanza, na tutaanza kujenga tangi la nani?