Daftari Moja la Afya na Fedha



Somo la mwezi huu lahusu mambo mawili ambayo aghalabu hufundishwa mbalimbali: afya ya nyumba na fedha ya nyumba. Afya tumezoea kuwaachia watu wa zahanati, na fedha tumezoea kumwachia yule aliyezishika mfukoni. Sisi tuliofundisha Hesabu katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi tulichelewa sana kutambua ya kwamba hesabu yake ni moja, wala hatukuitambua kwa kusoma kitabu. Ilitugharimu, na ndiyo maana tumemwomba Mhariri nafasi hii.

Tulistaafu mwaka 2019. Kiinua mgongo kilipotoka tuliezeka nyumba, tukalipa ada ya kitinda mimba wetu, na mwezi ule tukajua ya kuwa tuna jamaa wengi kuliko tulivyodhani. Mwaka huo huo mwenzetu wa nyumbani alipimwa akaambiwa ana shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Akavimeza miezi minne. Kichwa kikaacha kuuma, akajiona mzima, akasema, “Kwa nini niendelee kununua dawa na mimi siumwi?” Nasi tukaona ni neno la busara, maana vidonge vile vilitugharimu kama shilingi 6,000 kwa mwezi na senti zilikuwa zimeanza kupungua.

Alfajiri moja ya mwezi wa Novemba 2021 alishindwa kuinua kikombe kwa mkono wa kushoto, na maneno yakamtoka yamepinda. Kilikuwa kiharusi.

Gari la kumpeleka hospitali, vipimo, dawa na chakula cha mwuguzaji vilitaka fedha siku ile ile, na akiba haikuwapo. Tukaelekezwa kwa mtu mmoja akopeshaye bila maswali, ilimradi umwachie kadi yako ya benki. Tukakopa shilingi 500,000 kwa riba ya 20 kwa mia kwa mwezi. Angalieni, wasomaji: sisi tulioandika kanuni ya riba ubaoni tukaifuta na kuiandika tena kila mwaka, tulitia sahihi pasipo kupiga hesabu.

Haya, tuipige sasa. 20 kwa mia ya 500,000 ni 100,000. Kila mwisho wa mwezi tulipeleka 100,000, nayo yote ikawa ni riba. Miezi mitano ikapita. Tulikuwa tumekwisha kulipa 500,000 kamili, na deni lilikuwa bado 500,000, halijapungua hata senti moja. Tukamwuza ng'ombe wa maziwa tukalimaliza. Hivyo mkopo wa 500,000 uliondoka na shilingi 1,000,000, pamoja na maziwa ya kila asubuhi. Mikopo ya namna hii watu wameipa jina la “kausha damu”, na jina hilo halina haja ya maelezo.

Tuseme tungekuwa wanachama wa chama cha kuweka na kukopa kinachotoza 1.5 kwa mia kwa mwezi juu ya deni lililobaki, tukawa twarudisha 100,000 kila mwezi pamoja na riba. Riba ya mwezi wa kwanza ingekuwa 7,500, wa pili 6,000, wa tatu 4,500, wa nne 3,000, na wa tano 1,500. Jumla yake ni 22,500. Mkopo ni ule ule na miezi ni ile ile. Lakini chama hakimkopeshi mtu aingiaye mlangoni analia. Humkopesha yule aliyekuwa akiweka fedha zake huko kabla ya kilio.

Tena kuna hesabu ya tatu, nayo ndiyo inayotuuma zaidi. Tangu kuacha vidonge hadi siku ya kiharusi ilipita miezi ishirini. Ishirini mara 6,000 ni 120,000. Hiyo ndiyo fedha tuliyodhani tumeiokoa. Mwenzetu hakufa, twashukuru. Leo atembea kwa fimbo, na mkono wake waweza kushika kitabu cha nyimbo ingawa hauwezi kufunga kifungo.

Baada ya hayo tulinunua daftari la kawaida la shule. Tukapiga mistari ya safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, cha nini, na katika safu ya tano, nani anaumwa nyumbani leo na anaumwa nini. Safu nne za kwanza kila mwalimu wa biashara atakufundisha. Hiyo ya tano ndiyo tunayoitetea hapa. Daftari huandikwa jioni baada ya chakula, kabla ya sala, kwa maana asubuhi mtu hukumbuka yale tu anayopenda kukumbuka. Kama macho yenu yamechoka, mjukuu wa darasa la sita aandike, naye atajifunza. Katika Luka 14 mna mfano wa mjenga mnara, ambao twausikia ukihubiriwa kwa habari ya ufuasi. Si vibaya kuutumia pia kwa habari ya bati na unga.

Mwezi wa kwanza tulitahayari. Sukari ilitajwa karibu kila ukurasa. Tulikuwa tukinywa chai vikombe vitatu kila mtu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu: vijiko tisa kwa mtu mmoja, na kwa watu wawili zaidi ya kilo mbili kwa mwezi. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya gramu 25, yaani kama vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Sisi tulikuwa tumeupita mpaka wa vijiko sita kabla ya jua kutua, na siku ya soda mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa chupa moja ya mililita 300 yaweza kuwa na sukari ya vijiko vinane. Na ile shilingi 1,000 ya soda, ikitoka kila siku, ni 365,000 kwa mwaka. Hatusemi watu wasinywe soda siku ya Krismasi.

Chumvi haikuonekana katika daftari, maana ni rahisi, lakini ndiyo ipandishayo presha. Kipimo cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, nacho ni pamoja na ile iliyomo katika mkate na samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Sisi tulikiondoa kibakuli cha chumvi mezani, tukaweka ndimu na pilipili. Wiki mbili za kwanza mchicha ulikuwa kama majani ya mbuzi. Kisha ulimi ukazoea.

Kwa habari ya presha yenyewe, yatupasa kukaa kidogo. Watu wengi wanayo nao hawajui, kwa kuwa haina dalili mpaka imekwisha kuharibu ubongo, moyo au figo. Njia ya kuijua ni kupima tu. Kabla ya kupimwa kaa kitini dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, wala usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Zitasomwa namba mbili. Ikiwa ya juu hufika 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, katika siku mbalimbali, basi ni presha ya kupanda, na sharti umwone mganga. Akikupa vidonge, kujisikia vizuri ndiyo kazi ya vidonge hivyo. Si ruhusa ya kuviacha. Vikikuletea kizunguzungu au miguu kuvimba, rudi ukaseme, ubadilishiwe. Na mtu akipinda uso ghafula, akalegea mkono au maneno yakamtatiza, msingoje kupambazuke, wala msimkande kwanza. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Safu ya tano ilitufundisha jambo jingine. Mjukuu wetu aliandikwa “kuhara” mara tatu katika masika moja. Tulipoisoma safu hiyo pamoja na ile ya matumizi, tukaona ya kwamba mwezi ule hatukununua mkaa wa kutosha. Tulikuwa tumeacha kuchemsha maji ya kunywa ili tubane matumizi. Fedha tuliyoikatalia jiko ilikwenda kwa mwenye bodaboda na duka la dawa, tena ikaongezeka. Mnaona, wasomaji, ni kosa lile lile la vidonge limevaa nguo nyingine. Sasa maji yachemka kweli kweli, hupozwa yakiwa yamefunikwa, na kibuyu chirizi chenye sabuni kimesimama nje ya choo. Nyumba yenye mtoto isikose pakiti za chumvi-sukari za kuchanganya na maji safi. Mtoto akihara damu, au asipoweza kunywa, huyo ni wa zahanati, si wa nyumbani.

Mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 1973, tulipokuwa shule ya msingi, serikali ya Tanzania ilianzisha kampeni ya Mtu ni Afya, na wazazi wetu walikusanyika kwenye redio kujifunza habari za malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Somo likiisha walichukua majembe wakachimba vyoo. Watu wapatao milioni mbili walishiriki nchi nzima. Sisi watoto tulitumwa kukata majani marefu kando ya nyumba. Leo nyumba ina simu tatu na choo hakina mfuniko. Na vyandarua vilivyogawiwa kinamama kliniki tumeviona kwa macho yetu vikizuia kuku wasile mchicha.

Turudi kwenye fedha. Wako watakaosema, “Ninyi mna pensheni, sisi wa machungwa tutaweka nini?” Swali ni la haki. Mkulima wa Muheza hapati fedha kila mwezi, huzipata msimu. Basi na azigawe kwa msimu: atoe kwanza ya chakula hadi msimu ujao, ya ada, na ya ugonjwa, kabla mabati mapya hayajatajwa. Ile ya ugonjwa ndiyo imwokoayo asiuze machungwa yakiwa bado maua mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi, kwa sababu mtoto amelazwa.

Fedha hiyo isikae chini ya godoro. Vikundi vya hisa vinavyotumia sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, vimesaidia wengi. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991. Utazameni mfuko wake wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, kwa makini kuliko mgawo wa mwisho wa mwaka. Tena kikundi kiwe kimesajiliwa, kama itakavyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Habari ya bima nayo yafaa kuulizwa mapema: Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, basi waulizeni wahusika katika kituo chenu mchango wa kaya ni kiasi gani na unagharimia nini.

Na kadi za michango ya harusi! Katika mwezi mmoja tulihesabu nne. Hatutaki kuonekana wachoyo, lakini tumeona mtu akitoa 50,000 kwa keki ya watu wengine, na wiki ileile akakosa nauli ya kurudi kliniki. Siku hizi twaandika mwanzoni mwa mwaka jumla tutakayotoa. Ikiisha twaenda kusaidia kupika.

Kwa vikundi vya kujifunza, zoezi ni hili. Mama mmoja alikopa shilingi 80,000 kwa riba ya 25 kwa mia kwa mwezi. Kwa miezi sita alilipa riba tu, kisha akalipa deni lote mara moja. Alitoa jumla ya shilingi ngapi? Na kama vidonge vyake vya presha ni shilingi 5,000 kwa mwezi, riba ile ingemnunulia vidonge vya miezi mingapi? Majibu yaletwe kwa Katibu wa Parokia, yameonyesha njia.