Chawa Wakiingia Katika Kitanda cha Ndoa



Yako maradhi ambayo watu huyataja hata sokoni bila haya: malaria, presha, maumivu ya mgongo. Yako na mengine ambayo mtu humficha hata yule anayelala naye kitanda kimoja. Chawa wa sehemu za siri ni katika hayo ya pili. Bwana anajikuna usiku huku amegeukia ukutani. Bibi anaona vidoa vya damu kwenye nguo yake ya ndani, anaifua upesi asionekane. Kila mmoja ananyamaza. Chawa wanaendelea kuzaana, na shaka inazaana pamoja nao.

Somo letu lina sehemu mbili. Kwanza tutamjua mdudu huyu na namna ya kumwondoa. Kisha tutaona jinsi mume na mke wanavyoweza kulizungumza jambo hili bila kuvunja nyumba, na bila kuuficha ukweli. Yafaa mlisome pamoja, watoto wakiisha lala.

MDUDU HUYU NI NANI?

Binadamu husumbuliwa na aina tatu za chawa. Chawa wa kichwani wanajulikana na kila mzazi mwenye watoto wa shule. Chawa wa mwilini hujificha katika mishono ya nguo zisizofuliwa. Aina ya tatu ni chawa wa kinena, na hao ndio tunaowazungumzia.

Chawa wa kinena ni mfupi na mpana. Urefu wake ni milimita 1 hadi 2 tu, na rangi yake ni ya kijivu au hudhurungi. Ana miguu sita, na ile minne ya nyuma ina makucha makubwa yaliyopinda, hata ukimtazama kwa kioo cha kukuzia anafanana na kaa wa pwani. Makucha hayo yameumbwa kushika unywele mnene. Ndiyo sababu hukaa kwenye nywele za kinena, na pengine hufika kwapani, kifuani, kwenye ndevu, hata kwenye nyusi na kope. Kichwani huonekana mara chache.

Chakula chake ni damu ya binadamu peke yake. Mbwa, paka na mbuzi hawana hatia katika jambo hili. Jike hutaga mayai yapatayo 30 maishani mwake, na huyagandisha kwenye shina la unywele. Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, na chawa wachanga huhitaji majuma 2 au 3 ili wakomae na kuanza kutaga. Ishikeni hesabu hii, kwa maana tutaihitaji tutakapofika kwenye dawa na tutakapofika kwenye mazungumzo.

DALILI ZAKE

Dalili kubwa ni kuwashwa, hasa usiku. Mwasho huo unatokana na mwili kuyakataa mate ambayo chawa huyaacha anapouma. Pengine utaona vidoa vya damu au chembe nyeusi kwenye nguo ya ndani, hizo zikiwa kinyesi cha chawa. Watu wengine hupata madoa ya rangi ya samawati iliyofifia tumboni au mapajani. Mtu akijikuna sana, ngozi huchubuka na huweza kuingiwa na usaha.

Lakini si kila mwasho ni chawa. Upele huwasha vilevile usiku, ila wadudu wake hawaonekani kwa macho, na mara nyingi huanzia katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Upele huambukiza nyumba nzima, hata watoto. Fangasi za mapajani huwasha pia, na vipele vya wembe huwasha. Kwa hiyo msishtakiane kabla ya kutazama. Chukueni tochi, mtazame kwenye mizizi ya nywele. Chawa huonekana kama kigaga kidogo kilichoshika ngozi, na ukikigusa husogea. Mayai ni vitone vyeupe vilivyoganda kwenye unywele, wala havipukutiki kama mba. Msipokuwa na hakika, nendeni zahanati. Mwuguzi ameyaona haya mara nyingi wala hatawacheka.

HUAMBUKIZWA JINSI GANI?

Hapa ni lazima kusema kweli. Mara nyingi sana chawa wa kinena hupita kutoka mwili hadi mwili wakati wa tendo la ndoa, kwa kuwa nywele zimegusana. Mpira hauwazuii, maana haufuniki nywele.

Mara chache huweza kupita kwa taulo, nguo ya ndani au matandiko ambayo mwenye chawa ameyatumia muda mfupi uliopita. Nje ya mwili chawa hufa katika siku moja au mbili kwa kukosa damu na joto. Kwa hiyo nguo ya mtumba iliyokaa majuma katika bunda si mahali pa kumtafutia. Na kiti cha choo? Miguu ya chawa haiwezi kutembea vizuri juu ya kitu laini, wala yeye haruki. Ni nadra mno mtu kuambukizwa chooni.

Tena, chawa hawa si alama ya uchafu. Mtu anayeoga mara mbili kwa siku huweza kuwapata, na sabuni pekee haiwaondoi.

TIBA HATUA KWA HATUA

Wakulima wa pareto wa Kisii, Molo na Kinangop watafurahi kujua kwamba dawa ya mdudu huyu inatokana na ua lao. Pareto ina kemikali inayoua wadudu, iitwayo pairethrini. Wanasayansi waliiga kemikali hiyo wakatengeneza permethrini, ambayo hutumika sana leo.

1. Tibiweni wawili siku moja, hata kama mmoja hajaanza kuwashwa. Akitibiwa mmoja tu, yule mwingine atamrudishia chawa.

2. Ulizeni katika duka la dawa au zahanati permethrini ya asilimia 1 ya kutibu chawa. Osheni mahali penye chawa, mkaushe, kisha mpake dawa. Ikae dakika 10 halafu ioshwe. Dawa nyingine zina nguvu tofauti na muda tofauti, basi fuateni karatasi iliyo ndani ya pakiti. Pakeni pia kwapani, kifuani na mahali pengine penye nywele nene ikiwa chawa wamefika huko, lakini kamwe msipake machoni.

3. Ondoeni mayai kwa kitana chenye meno yaliyobanana au kwa kucha.

4. Vaeni nguo safi. Nguo, taulo na matandiko yaliyotumika katika siku 2 au 3 zilizopita yafuliwe kwa maji ya moto wa kutosha, yaani nyuzi 54 au zaidi, yaanikwe na kupigwa pasi. Kisichoweza kufuliwa kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa majuma 2. Hakuna haja ya kupulizia dawa nyumba nzima.

5. Tazameni tena baada ya siku 9 au 10. Mkiona chawa hai, rudieni dawa. Kumbukeni ile hesabu: yai lililonusurika mara ya kwanza litakuwa limeanguliwa, na chawa huyo mchanga atakuwa bado hajaanza kutaga. Mkimwua wakati huo, ukoo wake umekatika.

6. Jizuieni na tendo la ndoa mpaka wote wawili mmepona.

Ikiwa mama ni mjamzito au ananyonyesha, amwambie mwuguzi kabla ya kutumia dawa. Permethrini hutumika kwa akina mama hao, lakini si kila dawa inawafaa. Chawa wasipokwisha baada ya kurudia, muoneni daktari. Anaweza kuwapa dawa nyingine, kama vile vidonge vya ivamektini.

Mwasho huweza kuendelea siku kadhaa hata chawa wakiisha kufa. Usiongeze dawa kwa sababu ya mwasho tu. Tazama kwanza kama kuna chawa walio hai.

YA KUEPUKA

Usipake mafuta ya taa. Yanaunguza ngozi ya mahali pale, na yakishika moto ni hatari kubwa. Usitumie dawa ya kuogesha ng'ombe wala dawa ya kupulizia mbu na mende. Kunyoa husaidia kupunguza chawa, lakini hakutoshi peke yake, kwa maana huenda wamehamia sehemu nyingine za mwili. Na wembe mmoja usitumiwe na watu wawili.

CHAWA KWENYE KOPE, NA CHAWA KWA MTOTO

Chawa wakiingia kwenye kope, nendeni hospitali. Huko hutolewa mafuta maalumu ya macho yanayopakwa mara kadhaa kwa siku kwa muda wa siku 10 hivi.

Mtoto mdogo akionekana na chawa hawa kwenye kope au nyusi, msilipuuze jambo hilo. Huenda amewapata kwa kulala kitanda kimoja na mtu mzima mwenye chawa. Lakini pia huweza kuwa dalili kwamba kuna mtu anamchezea vibaya. Mpelekeni kwa daktari, msikilizeni kwa upole, msimtishe. Mkiwa na wasiwasi, pigeni simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto hapa Kenya na haitozwi malipo. Heshima ya ukoo haipiti usalama wa mtoto.

SASA TUZUNGUMZE

Tuseme bwana anafanya kazi Mombasa na bibi yuko nyumbani Kisii. Bwana amekuja likizo, na baada ya majuma mawili bibi anawashwa. Nani aliwaleta chawa? Wengi hujibu kwamba aliyejikuna wa kwanza ndiye mwenye makosa. Si kweli. Mtu anayepata chawa kwa mara ya kwanza huweza kukaa siku kadhaa, hata majuma, kabla ya kuwashwa, kwa sababu mwili wake haujajifunza kuyakataa yale mate. Aliyewahi kuwapata zamani huweza kuwashwa katika siku moja au mbili. Basi aliyeambukizwa huenda akajikuna mapema kuliko aliyeambukiza. Chawa hawezi kuwa hakimu wa nyumba yenu.

Kwa upande mwingine, haifai kujidanganya. Ikiwa mmoja ametoka nje ya ndoa, anajua. Mwenzake ana haki ya kujua pia, kwa sababu afya yake imo hatarini. Chawa hawabebi virusi vya UKIMWI wala kaswende. Lakini kitanda kilichompa mtu chawa kingeweza kumpa na hayo mengine. Kwa hiyo nendeni mkapimwe wote wawili, pamoja. Kupimwa si adhabu, ni kulindana.

Anayeanza kusema achague saa ya utulivu, si mbele ya watoto wala mama mkwe, wala baada ya pombe. Aseme alichokiona, asianze na hukumu. Kwa mfano: "Baba Atieno, nina jambo gumu la kukuambia. Nimeona chawa mwilini mwangu. Sitaki tugombane. Nataka twende tutibiwe wote wawili, na nataka tuambiane ukweli." Maneno hayo yanaacha mlango wazi. Lakini ukianza na "Umeniletea uchafu wa wanawake wako," umeufunga mlango huo, na hata aliyetaka kukiri atakana.

Naye aliyekosa asingoje kubanwa na asitafute kisingizio cha choo cha stendi. Aseme wazi: "Nimekosa. Nimekuweka hatarini. Twende hospitali kesho." Kisha avumilie machozi na hasira ya mwenzake, kwa kuwa jeraha hili haliponi kwa dakika 10 kama dawa ya kupaka. Kuungama kwa padre ni kwema, lakini hakuchukui nafasi ya kumwambia mwenzako aende kutibiwa.

Aliyekosewa naye asilazimishwe kusamehe siku hiyo hiyo. Msamaha una mwendo wake. Mkishindwa kusemezana, tafuteni wanandoa wazee mnaowaamini, au padre, au mshauri wa ndoa. Ikiwa unaogopa kupigwa ukisema, usiseme ukiwa peke yako naye. Mweleze mwuguzi kwanza, naye atakusaidia kupanga namna ya kumwita mwenzako kliniki.

Na ikiwa wote wawili mnasema mmekuwa waaminifu? Kumbukeni kwamba njia ya taulo na matandiko ipo, ingawa ni ya nadra. Pimweni, tibiweni, kisha kila mmoja aangalie kama mwenendo wa mwenzake wa kila siku unalingana na maneno yake. Msijenge kesi ya talaka juu ya mdudu wa milimita mbili.

MASWALI YA KUJADILI MKIWA WAWILI

1. Je, kuna ugonjwa ambao ningeona haya kumwambia mwenzangu? Kwa nini?

2. Tukiwa mbali kwa ajili ya kazi, tunafanya nini ili kulinda uaminifu wetu?

3. Mara ya mwisho mmoja wetu alipokiri kosa, yule mwingine alimpokea namna gani?

4. Tukihitaji msaada wa nje, ni nani tunayemwamini sote wawili?