Somo: Folda Moja, Kompyuta Mbili

Kompyuta zilizounganishwa kwenye ruta moja zaweza kutumia folda moja, hata bila intaneti.

1. Katika Windows, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi. Chagua Properties, Sharing, kisha Share.
2. Chagua watumiaji kwa majina, si "Everyone". Kila mmoja awe na neno la siri.
3. Mhasibu apewe Read/Write, yaani kusoma na kuandika. Wengine Read, yaani kusoma tu.

Angalizo: folda ya pamoja si nakala ya akiba. Faili likifutwa, wote wamelikosa. Mei 2017 kirusi WannaCry kilisambaa kupitia mfumo huo wa kushirikiana mafaili. Kila wiki nakilini hesabu kwenye flashi, ichomoeni, ifungieni kabatini.

Swali: Ofisini kwenu, nani anaweza kubadili hesabu za mradi?